Sikio la Maji

Sifa, mwanangu,

Kosa wanalofanya watu wengi wanapobuni kifaa cha uchawi kwa ajili ya mchezo ni kuanza na nguvu zake. Upanga unaokata mlima. Kofia inayomficha mtu. Ngoma inayoleta mvua. Nguvu ni kitu rahisi. Mtoto wa miaka minne atakutajia nguvu kumi kabla hujamaliza kunawa mikono. Kazi iko kwingine: kifaa kinatengenezwa kwa vitu gani, kinakula nini kila kinapotumika, na kinashindwa wapi. Hasa hapo pa kushindwa. Upanga unaokata kila kitu unamaliza mchezo siku ya kwanza. Upanga unaokata kila kitu isipokuwa kamba iliyosokotwa na mjane utawafanya watu wakae wakifikiri mpaka jua lizame.

Najua unashangaa. Kesho unavuka ziwa kwenda Kigoma kwa mjomba wako, na baba yako anakuandikia habari za mchezo uliouacha ukiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa una kumi na sita. Nivumilie. Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi hata siwezi kufika mahali bila kupitia kwenye maelezo, na mahali ninapokwenda leo ni pagumu. Acha nipite njia ninayoijua.

Habari za mizigo, za kumsalimu mke wa mjomba wako kabla ya kukaa, za kutokunywa maji usiyoyajua, hizo umeshaambiwa na akina mama wa kwaya, kila mmoja kwa namna yake, na mchana huu umekwenda kuwaaga tena. Nyumba imenyamaza. Nimekaa mlangoni kwa ajili ya mwanga. Boti inaondoka kesho saa kumi jioni. Barua hii nitakupa asubuhi, mkononi, baada ya chai. Nilifikiria kuificha ndani ya begi lako uisome ukiwa katikati ya maji, kisha nikaona kwamba ndivyo nilivyofanya mambo miaka yote hii. Safari hii nataka uwe na mchana mzima wa kuja kunigombeza nikiwa hapa.

Mchezo wenyewe sikuubuni mimi. Nilipoanza kazi, kabla hujazaliwa, shuleni kwetu alikuwapo kijana Mbelgiji aliyefundisha hesabu. Alikuwa mpweke, hakuzoea joto, na siku za Jumapili alituita walimu wawili watatu tucheze. Mtu mmoja anashika nchi nzima kichwani: milima yake, watu wake, hatari zake. Wengine kila mmoja anachukua mtu wa kubuni, mwenye jina na kazi, na kusema mtu huyo anafanya nini. Pasipo na uhakika, kete zinaamua. Alipoondoka aliniachia kete moja yenye pande nane. Niliipoteza siku ile tulipokimbia vita mjini kwetu Baraka mara ya kwanza, pamoja na viatu na cheti changu cha ndoa.

Kule vilimani tulikojificha hapakuwa na kete. Unakumbuka punje tano za mahindi, nilizozipaka makaa upande mmoja? Unazitupa kwenye ungo, unahesabu nyeusi. Tano nyeusi, jambo limefanyika kabisa. Hakuna nyeusi hata moja, Mungu akusaidie. Tulicheza mchana chini ya hema la plastiki, kwa sababu jua likishazama hakuna aliyeruhusiwa kupaza sauti. Nchi yetu tuliiita Kule. Mimi nilikuwa Mwenye Nchi. Wewe ulikuwa Kaleo, mwanamke mfua chuma. Na mzee Etongo, jirani yetu wa kibanda cha pili, aliyechonga mitumbwi tangu ujana wake, alikataa kabisa kufanya kazi yoyote katika Kule.

“Maisha yangu yote mi nachonga,” alisema siku ya kwanza. “Huku Kule niko mwami. Mwami ni mufalme, hachongi kitu.”

“Mwami anafanya nini, babu?” ulimwuliza.

“Mwami anakaa. Bantu banamuletea mbuzi.”

Akakaa kweli, wiki nzima, akingoja mbuzi, huku Kaleo akipigana na mamba.

Kuna jambo ulilijua kuhusu Kule ambalo Etongo hakulijua. Ile ramani niliyoichora kwenye daftari la mazoezi ilifuata vilima vyetu. Mto wa Kule ulipinda mahali mto wetu unapopinda. Njia ya mbuzi wa mwami ilikuwa njia ya kushuka ziwani bila kupita barabarani. Nilikuambia sikioni: ukipotea hapa siku moja, kumbuka Kule. Wakati ule watu wazima tulisema kila kitu kwa kuzunguka. Tulisema mvua iko kusini, maana yake askari wako kusini. Tulisema mgeni ana kikohozi, maana yake usimwamini. Ninyi watoto mlikua ndani ya maneno hayo, na mlijifunza kusikiliza chini yake. Niliona fahari kwamba ulikuwa hodari kuliko wote. Sikufikiri ustadi huo siku moja ungetumika kwangu.

Sasa nikukumbushe mama yako alivyoondoka. Chumvi ilikuwa imekwisha. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi siku kumi, na wewe ukaanza kuacha chakula. Mama yako, Mauwa, akachukua dumu la mawese, akaungana na Mama Feza, rafiki yake wa kuuza samaki, wakashuka ziwani kubadilisha mawese kwa chumvi na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ulitaka kumfuata. Alikuambia, “Wewe baki na Papa. Ukimuacha peke yake atachemsha daftari.” Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema, na nilicheka. Alijifunga nusu ya kitenge chake cha kijani, chenye samaki weupe. Nusu ya pili ulibaki umejifunga wewe.

Zikapita wiki tatu.

Mama Feza alirudi peke yake, siku moja asubuhi, ukiwa umekwenda kuteka maji. Hakukaa. Alisimama mlangoni mwa kibanda, akanipa kifurushi. Kilikuwa chumvi, iliyofungwa ndani ya nusu ile ya kitenge. Akaniambia walipokuwa wakirudi, watu wenye silaha wakatokea njiani na kupiga risasi bila kuuliza kitu. Mauwa alipigwa tumboni. Aliishi mpaka jua lilipokuwa kichwani. Mama Feza na wanawake wengine wawili wakamzika kando ya shamba la mihogo, wakaweka jiwe jeupe kichwani na kusali. Alisema, “Chumvi hakuiachilia, Mwalimu. Nilimufungua vidole.” Kisha akaniambia anavuka kwenda Tanzania siku hiyo hiyo, akaondoka.

Sifa, ndiyo hiyo. Mama yako amekufa. Alikufa miaka mitano iliyopita, nami nimejua tangu asubuhi ile.

Nimeinua kalamu nikatembea mpaka kwenye mpera na kurudi. Naendelea.

Unajua desturi yetu: mke akifa, mume haanzi kilio kabla ya kuwajulisha ndugu zake mke. Wao ndio wanaopokea habari kwanza, wao ndio wanaofungua kilio. Ndugu za mama yako wote walikuwa ng’ambo ya ziwa. Nami nilijiambia: sina mtu wa kumtuma, basi sina ruhusa ya kulia, na kama sina ruhusa ya kulia, nitamwambiaje mtoto? Nilijiambia pia kwamba kilio kitatutoa mafichoni. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Hilo ndilo ninalotaka ulione, kwa sababu litakukuta: mtu mwoga hajifichi nyuma ya uongo tu, anaweza kujificha vizuri sana nyuma ya mambo ya kweli. Sababu ya chini kabisa ilikuwa kwamba sikuweza kuutazama uso wako ukibadilika.

Nilikificha kitenge ndani ya sanduku la vitabu. Chumvi nikaitia kwenye sombe, jioni ile ile. Sikujua la kufanya nayo. Nisingeweza kuitupa, alikuwa ameifia.

Ulionja, ukaweka kijiko chini.

“Papa, chumvi imetoka wapi?”

“Babu Etongo alipata kidogo.”

Etongo alikuwa amekaa palepale, kijiko kiko njiani kwenda mdomoni. Alinitazama muda mrefu, akala. Nawe ukala. Ulimaliza sahani yote, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mimi mpumbavu nikafurahi.

Kesho yake ulikuja chini ya hema na kusema Kaleo anataka kutengeneza kifaa.

“Kifaa gani?” niliuliza.

“Sikio. Ya kusikia muntu iko mbali. Inaitwa Sikio la Maji.”

“Kama ni ya kusikia, isikilize tumbo yangu kwanza,” Etongo akasema.

“Mwami halii njaa, babu.”

“Mwami wa Kule halii. Huyu wa hapa iko analia tangu asubuhi.”

Nilikuuliza maswali niliyokuwa nikiuliza daima. Kinatengenezwa kwa nini? Ukasema bakuli la udongo, lakini udongo wa pale mto unapoingia ziwani, kwa sababu pale maji mawili yanakutana na kila moja linaleta habari za lilikotoka. Nikakusifu, kila kitu ndani ya kifaa kinapaswa kuwa na sababu yake. Na nini tena? Uzi mmoja wa nguo ya yule anayetafutwa, “kwa sababu nguo inamujua mwenye kuivaa.” Nikakusifu tena.

“Na kinakula nini?”

“Chumvi.”

“Chumvi!” Etongo akaruka. “We mutoto, unataka kutumaliza? Sema majani. Sema mawe!”

“Chumvi, babu. Kijiko kimoja kila mara.”

“Na kinashindwa wapi?”

Ulikuwa unachora mstari ardhini kwa kijiti, unaufuta, unauchora tena. Kisha ukasema bila kuinua uso:

“Inasikia bantu bazima tu. Kama muntu alikufa, maji inanyamaza.”

Niliandika kwenye daftari. Ninalo hapa, na mwandiko wangu haukutetemeka hata kidogo. Udongo, uzi, maji, chumvi kijiko kimoja. Husikia walio hai tu. Chini yake niliandika, kama mwalimu anayesahihisha: vizuri sana.

Imenichukua muda mrefu, mwanangu, kuelewa ulichokuwa umetengeneza. Nilidhani ni mtoto anayetaka kumsikia mama yake. Lakini ulikuwa umeonja chumvi ile. Ulijua Etongo hana chumvi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwetu mtoto hamwulizi mtu mzima, kweupe, kama fulani amekufa. Angepigwa kofi au angeambiwa nyamaza. Basi ukajenga kifaa. Ukakipa mpaka mmoja tu, na ndani ya mpaka huo ukaweka swali lako, ukaniletea mahali pekee palipokuwa na ruhusa ya kusema. Hukutaka bakuli liseme. Ulitaka kujua kama litanyamaza.

Katika maisha yangu yote sijaona kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko hicho. Kilikosa kitu kimoja, Mwenye Nchi mwaminifu.

Kaleo alitumia siku nyingi za mchezo kupata udongo na kuuchoma. Nawe, pembeni, ulifinyanga bakuli la kweli, dogo kama kiganja, ukalichoma ndani ya moto wa kupikia. Ulichomoa uzi wa kijani kwenye nusu yako ya kitenge. Siku ilipofika ulitia maji, ukatia uzi, ukaomba chumvi jikoni na kutia kijiko kizima, chumvi ya kweli. Etongo hakutania. Ukatupa punje.

Zilikuwa tano nyeusi. Nimeziona nyeusi tano mara chache sana.

“Kaleo anaita nani?” nikauliza.

“Anaita mama yake.”

Kanuni ilikuwa wazi. Punje zimekubali, kifaa kimefanya kazi. Zilibaki njia mbili, sauti au kimya. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa bila kusema neno. Hata ujasiri wa kusema haukuhitajika. Ulikuwa umenirahisishia kiasi hicho. Kukaa kimya tu, nawe ungeelewa, tungelia pamoja bila sauti chini ya plastiki ile, watatu.

Nikafungua mdomo. Nikatoa sauti ya Mauwa, ile ya kuburuta maneno kama amechoka na amefurahi kwa pamoja. Nilijua kumwigiza; nilikuwa nikimtania hivyo tangu uchumba.

“Mi niko muzima, mamangu. Muningoje.”

Uliinua uso. Sijauona tena uso ule.

“Uko wapi?”

Hili sikuwa nimelifikiria. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuwa mbele yangu, bakuli.

“Niko pale mto unapoingia ziwani.”

Etongo alisimama akatoka. Nilimkuta nyuma ya kibanda chake.

“Mwalimu,” aliniambia, “mi ni mwami wa uongo na hata mimi sifanyi vile. Rudi kwa mutoto uombe zamu yako tena.”

“Kesho,” nilisema.

Kesho yake hukuwapo. Ulichukua muhogo mmoja, bakuli, na njia ya mbuzi wa mwami. Kwa nini usingeichukua? Mimi ndiye niliyekufundisha kwamba katika Kule kuna ukweli umefichwa, na kwamba Papa akisema jambo kwa kuzunguka, lina maana yake hapa. Nilikutafuta siku mbili. Nilishuka vilima nikiita kwa sauti ambayo wenye silaha wangeweza kuisikia, na sikujali. Kanuni yangu ya kutolia mafichoni ilikwisha saa ile, Sifa. Ukimya niliokulazimisha ili tusisikiwe, niliuvunja mwenyewe.

Nilikukuta upande wa huku wa kijiji cha Lweba, kwenye mchanga wa mdomo wa mto. Mvuvi mmoja na mkewe walikuwa wamekupa samaki wa kuchoma, na ulikuwa umemwachia mama yako nusu, juu ya jani.

“Papa,” ulisema, “hajafika bado.”

Hapo Mungu alinipa zamu yangu tena. Tulikuwa peke yetu, ziwa limetulia, hakuna wa kutusikia. Nikasema, “Huku kuna hatari. Atatukuta nyumbani.” Huo ulikuwa uongo wa pili, na wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, kwa sababu wa kwanza unaweza kuponyoka mdomoni. Wa pili mtu anauchagua.

Hukucheza tena. Sikukuuliza kwa nini. Tuliporudi Baraka uliutandua mkeka aliousuka mama yako, ukaufuta vumbi, ukaukunja na kuusimamisha nyuma ya mlango, na hakuna aliyeukalia tangu siku ile. Majirani walipouliza, nilisema amepotea vitani. Walikubali. Wengi walikuwa wamepotea. Etongo alirudi kwenye mitumbwi yake, akaishi mwaka mmoja na nusu. Siku moja kabla hajafa alinishika mkono akasema, “Ile zamu, Mwalimu?” Nilimwambia bado. Akaachia mkono.

Kwa nini ninakuandikia leo na si mwaka jana? Ningependa kusema nimekuwa mtu bora. Ukweli ni kwamba nimebanwa. Wiki iliyopita mjomba wako alimtuma mwenye boti na maneno haya, aliyoyarudia kwangu mara mbili asikosee: “Mwambie shemeji, mutoto akifika hapa mi sitamudanganya.” Mama Feza aliwafikishia habari miaka mitano iliyopita. Walilia kilio chao kule, bila sisi. Kwa hiyo unakwenda kwenye nyumba ambayo kila mtu anajua, hata watoto wadogo, na wewe peke yako hujui. Na juzi, ulipokuwa unakunja nguo zako, ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Nikifika nitaanza na kambi moja ya wakimbizi, kisha nyingine. Nitauliza kila mahali.” Ulikunja nusu yako ya kitenge ukaiweka juu kabisa, ili aitambue.

Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka ulipomaliza.

Sifa, usiende kuzunguka kambi za watu ukimtafuta mtu aliyesema kupitia mdomo wangu. Nenda shule. Mkono wako unajua kutengeneza vitu na kichwa chako kinajua vinashindwa wapi. Ni wachache wenye vyote viwili. Ukimkuta Mama Feza, mkalie karibu, mwulize kila kitu, kwa kuwa yeye alikuwapo na mimi sikuwapo. Atakuambia njia ya kufika kwenye lile jiwe jeupe. Mimi sikumwuliza njia. Siku zikiwa salama, turudi pamoja, ukitaka kwenda nami.

Na ukiulizwa jambo na mtu anayezunguka, mtoto hasa, jibu lililo chini ya swali. Sina ushauri mwingine wenye thamani kuliko huu, na unajua nimeulipia nini. Sehemu kubwa uliilipa wewe.

Miezi hii, ukiwa shuleni, nimejaribu kucheza Kule peke yangu. Nilipaka punje nyingine tano. Haichezeki. Ukiwa Mwenye Nchi na msafiri kwa pamoja, kila mlango unaoufungua unajua kuna nini nyuma yake, na hakuna anayekuambia kwamba mwami anataka mbuzi. Nilikaa na ungo mapajani kama mtu anayechagua mchele, nikasikia sauti yangu ikisema, “Unafanya nini sasa?” na hakuna aliyejibu. Nyumba hii itakuwa hivyo kuanzia kesho jioni. Siandiki ili ubaki. Hata ukibaki kwa hasira au kwa huruma, nitakusindikiza mwenyewe mpaka majini. Naandika kwa sababu sitaki uwe mbali nami mara mbili, ng’ambo ya ziwa na ng’ambo ya uongo.

Kuna haki moja ambayo Mwenye Nchi anayo katika mchezo ule, na yule kijana Mbelgiji aliitumia mara moja tu: akigundua amevunja kanuni, anaweza kuirudisha zamu. Nimefungua daftari kwenye ukurasa ule. Nimekata mstari mmoja juu ya maneno yote niliyosema siku ile, ili bado yasomeke, na nimeandika chini yake hivi:

Kaleo akatia maji, akatia uzi, akatia chumvi. Punje zikawa tano nyeusi. Akamwita mama yake, Mauwa, kwa jina. Maji yakanyamaza.

Daftari nitakupa pamoja na barua. Bakuli lako unalo, nimeliona ndani ya begi, limeviringishwa kwenye soksi. Nusu ya pili ya kitenge nimeitoa sandukuni. Ina doa ambalo sikulifua. Sikukata wala kushona kitu, iko kama ilivyokuja.

Kilio cha mama yako hakijakaliwa katika nyumba yake. Ndugu zake wamekwishajua, kwa hiyo hata kisingizio changu cha desturi kimekwisha. Boti haiondoki kabla ya saa kumi. Nitakuwa nyuma ya nyumba, karibu na mpera, na sitakuja mpaka uniite.

Ukimaliza kusoma, toa mkeka nyuma ya mlango, utandike uani, kisha uniite.

Papa